Mwendo Niliouchukua Bila Kuomba

Vijana mnaoigiza siku hizi mmekuwa mkinisimamisha njiani, mkiniuliza niliwezaje kuwa mtu mbaya miaka yote ile bila kuchoka. Nilistaafu mwezi uliopita, nafasi ninayo, na mke wangu amechoka kunisikia, kwa hiyo naandika. Mishahara sitaitaja, maana hata ilipokuwepo haikupenda kutajwa. Nani alipandishwa cheo na nani alirukwa, kaulizeni ofisini. Mimi nitawaambia habari ya miguu.

Jina langu ni Mohamedi Mkumba, lakini kutoka Maneromango mpaka ng'ambo ya Ruvu hakuna aniitaye hivyo. Wananiita Mzee Kesho, na walianza kuniita mzee nikiwa sina hata ndevu za kutosha kuchana. Katika zile sinema za serikali zilizozungushwa vijijini kwa gari na kuonyeshwa kwenye shuka jeupe, mimi ndiye niliyekuwa mvivu, mlevi, mganga wa uongo, na yule baba aliyewaficha wanawe uvunguni wasichanjwe ndui. Mtu mwema sikupewa hata mara moja, na nashukuru. Mtu mwema katika sinema zile hakuwa na kazi ila kusimama wima na kunyoosha kidole.

Kazi yenyewe nilifundishwa msibani. Kisarawe kwetu alikuwepo Mnyamwezi mmoja aliyekuja zamani na mizigo ya wafanyabiashara, akaoa, akabaki. Aliitwa Mzee Kapela. Wanyamwezi ni watani wetu sisi Wazaramo, na mtani ana haki yake: akifa mtu, yeye huja akavaa kanzu ya marehemu, akashika bakora yake, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, akadai chakula kama yeye. Waliokuwa wakilia hucheka, na machozi hayakauki. Watani wengi waliifanya kazi hiyo kwa kelele. Kapela aliifanya polepole. Alipofiwa mama yangu na kaka yake, Kapela alitokea nyuma ya nyumba kimya, akakung'uta vumbi kwenye kiti kabla ya kukaa, mara mbili, na mama akamwitikia kwa jina la kaka yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilijua palepale kwamba nataka kufanya jambo lile maisha yangu yote.

Nikamfuata msiba hata msiba, mpaka watu wakasema nina mkosi. Alinifundisha mambo mawili. La kwanza, anza na miguu. Uso umezoea kudanganya tangu utotoni, alisema, lakini miguu hakuna aliyeifundisha. Ukiipata miguu ya mtu, mikono itakuja yenyewe, na uso utafuata bila kuitwa. La pili, aliyekufa haombwi ruhusa, aliye hai huombwa. Hilo la kwanza nililishika siku ileile. La pili nililisikia tu, kama mnavyonisikia nyinyi.

Miaka michache kabla ya vita vya pili, akaja Kisarawe Mzungu wa sinema. Tulimwita Bwana Kamba, kwa sababu alitembea na kamba yenye mafundo, na kabla ya kupiga picha aliivuta kutoka kwenye kioo cha mashine mpaka kwenye pua yako kujua umbali. Ukisogea hatua moja baada ya hapo, uso wako unakuwa ukungu. Basi alichomeka vijiti ardhini pale unapotakiwa kusimama, na ilikupasa ufike kwenye kijiti bila kukitazama. Mashine yake ilitiwa ufunguo kama saa ya ukutani, ikizunguka muda mfupi tu inakwisha pumzi. Utepe ulikuwa ghali, kwa hiyo jambo lilifanywa mara moja, likiharibika limeharibika. Wengine walishika bati linalong'aa kukupigia jua usoni. Siku yangu ya kwanza nilisimama mbele ya bati lile nikatokwa na machozi kama kitunguu kimekatwa, na Bwana Kamba akaandika kwenye daftari kwamba ninajua kulia.

Sinema hiyo ilihusu choo. Palikuwa na mkulima aitwaye Kesho, ambaye kila akiambiwa achimbe choo husema kesho, mpaka anaugua tumbo la kuhara na kufa. Walikuwa wamewajaribu watu watatu kabla yangu, na wote watatu walidhani mvivu ni mtu anayepiga miayo. Bwana Kamba alinipa siku tatu nimtafute huyo Kesho. Nilihitaji miguu.

Sasa siku hizo nilikuwa nimeposa. Binti aliitwa Zaituni, wa Mlandizi, na baba yake alikuwa Mzee Shomari, mkulima wa mpunga bondeni Ruvu. Posa ilipokelewa, na kama ilivyo desturi nikaenda kumlimia mkwe msimu mzima ili anione mimi ni mtu wa namna gani. Yeye akanitazama ninavyoshika jembe, nami nikamtazama anavyotembea. Mguu wake wa kushoto ulichelewa, ukaja umegeukia nje. Kila baada ya hatua nne tano alisimama, akainua kofia kidogo, akageuka kutazama nyuma kama aliyeitwa. Kisha akaendelea. Wallahi niliupenda mwendo ule. Niliufanya peke yangu kwenye tuta nikirudi kuteka maji, na siku moja Zaituni aliniona, akaziba mdomo kwa kanga akakimbia.

Nikampa Mzee Kesho mwendo huo. Hakuna kilichonijia kwa urahisi kama kile. Nilitoka mlangoni, nikaburuta mguu, nikasimama, nikainua kofia, nikatazama nyuma, na papo hapo mvivu akapatikana: mtu anayetafuta kisingizio cha kurudi alikotoka. Bwana Kamba akapiga makofi. Nikarudi nyumbani kichwa kimejaa, nikaila futari ya watu wawili. Kuomba ruhusa hakukunipitia akilini.

Gari la sinema lilipofika Mlandizi nilikwenda nalo, nimevaa kanzu mpya, nikitaka wakwe wanione. Jumbe alimwekea Mzee Shomari kiti mbele. Giza likaingia, shuka likawaka. Sinema zetu wakati ule hazikuwa na sauti. Alikuwepo msemaji aliyesimama kando na kipaza sauti akieleza kila kinachotokea, kwa maneno aliyoandikiwa ofisini. Mzee Kesho akatokea. Akaenda hatua nne, akasimama, akainua kofia, akatazama nyuma. Uwanja ukanyamaza. Kisha mwanamke mmoja akauliza, jamani, si Shomari huyo? Basi uwanja mzima ukalipuka. Walicheka wakashikana mabega. Walicheka Kesho alipougua, wakacheka alipotiwa sanda, na alipobebwa kwenda makaburini wako waliokaa chini kwa kucheka. Mzee Shomari hakugeuka. Niliona kisogo chake tu mpaka mwisho, na kile kisogo bado nakiona.

Kulipokucha, watani wake wakaja. Walikuwa Wanyamwezi wakata mkonge wa shamba lililo jirani, watu kama kumi na wawili, na machela ya miti wameibeba mabegani. Wakaketi mlangoni pake wakadai haki yao. Walisema wamemwona kwa macho yao akizikwa na hawakuitwa, kwa hiyo wapewe kuku wa msiba na kanzu ya marehemu. Mmoja alimpa mkono wa pole yeye mwenyewe. Kwa mtani huwezi kukasirika, ndiyo sheria. Mzee Shomari akatoa kuku. Akatoa na kanzu. Akangoja waondoke, kisha akaagiza niitwe.

Nilipofika, vitu vya posa yangu vilikuwa barazani, vimefungwa vizuri katika kanga ileile niliyoviletea. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Uani nilisikia Zaituni akitwanga.

"Mguu huu," akasema, "niliupata vita ya Mjerumani. Waingereza walituchukua hapa kubeba mizigo, tukaenda mpaka kusini kule. Mzigo mmoja tuliubeba wawili, mimi na ndugu yangu Athumani. Nikisimama nikageuka, namtazama yeye. Alikuwa nyuma yangu, akabaki njiani. Wewe umempa mvivu mwendo huo."

Mchi ukanyamaza uani. Nilitaka kusema sikujua. Lakini sikujua ni nini, wakati nilikaa naye msimu mzima na ulimi ninao wa kuuliza? Nikachukua furushi langu nikaondoka. Nilitembea mpaka barabarani nikilia, na safari hii hakuna bati lililonipiga usoni. Nilimpenda Zaituni, nilimpenda na baba yake, na nilikuwa nimewapoteza wote wawili kwa hatua nne.

Siku ya tatu shangazi yake Zaituni akanipitishia neno, kwamba binti amesema nisije na maneno, maneno baba yake anayo ya kutosha. Hilo likanitia moyo kidogo. Asiyekutaka hakushauri.

Nikaenda kwa Mzee Kapela. Alicheka kwanza, akacheka tena, kisha akauliza kama niliomba. Nikamwambia sikuomba. Akatafuna tambuu yake, akatema.

"Umemzika mtu aliye hai," akasema. "Basi kamfukue."

Nikamuuliza nitamfukua vipi. Akasema aliyezikwa kwa mchezo hufukuliwa kwa mchezo, na kwamba atanisindikiza, maana mshenga niliyekuwa naye hafai tena.

Bahati ikanisaidia, nami siikatai. Watu walikuwa wameipenda sana ile sinema, wanataka kumwona Kesho tena, na Bwana Kamba akaagizwa atengeneze nyingine. Ofisini waliogopa wananchi watauliza marehemu amefufukaje. Hakuna mwananchi aliyeuliza, aliyeuliza alikuwa karani. Wananchi walisema Kesho amekataliwa huko alikokwenda, akarudishwa. Shida ya Bwana Kamba ilikuwa mtu mwema. Yule wa kwanza alikuwa mwandishi wa ofisi kutoka Dar es Salaam, amekakamaa kama mwiko katika ugali uliolala, na alishika jembe kama anayeogopa litamwuma. Nikamwambia Bwana namjua mkulima wa kweli. Akaniuliza amewahi kuigiza? Nikasema hajawahi, na ndiyo uzuri wake.

Tukaenda Mlandizi, mimi na Kapela. Mzee Shomari alikuwa barazani anasuka ungo. Kapela hakuamkia. Alisimama mbali akasema kwa sauti kubwa kwamba jamani huku Mlandizi marehemu wana kazi nyingi, huyu hata ungo anasuka. Mzee Shomari aliuma midomo. Nilimwona akiuma. Kapela akaketi bila kukaribishwa, akaniashiria.

Nikapiga magoti. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, yakanitoka yote.

"Baba," nikasema, "nilichukua kitu chako bila kuomba. Nimekuja kukirudisha, na kukuomba ukitembeze mwenyewe mbele ya watu wote waliocheka."

Nikamweleza habari ya sinema mpya: kwamba atakuwa mkulima mwenye shamba zuri na choo safi, ambaye Kesho anamwendea akiwa hana pa kukimbilia. Aliendelea kusuka ungo mpaka akamaliza mzunguko mzima. Kisha akasema atakubali kwa sharti moja. Yeye atatembea kwa miguu yake, na mimi nitatembea kwa yangu.

Habari ya posa hakuigusa, na mimi sikuthubutu.

Sharti lile lilinitesa kuliko lilivyoonekana. Kesho alikuwa maarufu kwa mwendo ule, na sasa nilitakiwa nimjenge upya bila kuazima kwa mtu. Nilijaribu miguu ya mlevi mmoja, nikaona ninaiba tena. Nikajaribu ya bata, ikawa upuuzi. Mwisho mama yangu akaniambia nimletee kuni, nikanyanyuka, na nikiwa njiani nikajiona. Nilikuwa natembea kwa vidole vya mbele, visigino havikanyagi, mtu anayetumaini ataitwa arudi kabla hajafika. Huo ulikuwa mwendo wangu mwenyewe tangu utotoni. Mvivu alikuwa mimi! Nilicheka peke yangu kichakani, kisha nikarudi bila kuni nikatukanwa. Wanangu, wabaya wote niliowaigiza baada ya hapo niliwaanzia nyumbani, na sikukosa hata mmoja.

Kazi ilifanyika Maneromango, kwa sababu Bwana Kamba aliambiwa pale misheni pana vyoo vizuri vya kuigwa. Lori lilikwama mara tano, na hiyo ya tano tulilisukuma sote, mtu mwema, mtu mbaya, na serikali. Kulipokucha Mzee Shomari alivaa kanzu yake iliyofuliwa, akaonyeshwa kijiti. Akauliza kwa nini akitazame, yeye anajua kusimama. Bwana Kamba akavuta kamba mpaka puani pake, naye akaishika ile kamba akahesabu mafundo na kumwambia limekosewa moja. Lilikuwa limekosewa kweli.

Akatembea. Mguu ukachelewa, ukageukia nje. Akasimama, akainua kofia, akatazama nyuma. Mwenye bati alisahau kulishika bati. Mzee mmoja wa pale Maneromango, aliyekuja kutazama tu, akavua kofia yake. Nadhani naye alibeba mizigo. Hakuna aliyecheka, na hapakuwa na kitu cha kuchekesha. Mwendo ulikuwa uleule niliouiga mimi, lakini kwangu ulikuwa kisingizio, kwake ulikuwa ahadi kwa mtu.

Kisha ikaja sehemu yetu wawili. Kesho amekuja kichwa chini, mkulima anampa jembe na kumwambia akachimbe choo. Kesho anatakiwa anune, apokee kwa shingo upande, aondoke. Maneno hayakuwa na maana, kwa kuwa sauti haikuchukuliwa. Bwana Kamba alisema utepe umebaki wa mara moja tu. Ufunguo ukatiwa, mashine ikaanza kulia. Nikaja kwa vidole vya mbele mpaka kwenye kijiti, nikanuna. Mzee Shomari akaniwekea jembe mikononi, lakini hakuliachia. Akanitazama usoni, akasema taratibu, kwa sauti niliyoisikia mimi peke yangu:

"Zaituni ni mkeo. Usicheke, mashine inazunguka."

Niulizeni sasa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilipigwa mawe Mbwawa nikiwa mganga wa uongo, nikalala siku nzima kwenye tope nikiwa mlevi, na hayo yote ni mchezo wa watoto. Moyo ulikuwa unaruka kama kambare kwenye kapu, na uso ulipaswa kununa. Nikauma shavu kwa ndani mpaka nikaonja damu. Midomo ikataka kwenda pembeni, nikaikataza. Chozi moja nililishindwa, likashuka. Nikavuta jembe kwa hasira, nikageuka, nikaondoka kwa vidole vya mbele mpaka nyuma ya choo cha misheni, na hapo nikasikia mashine imekata pumzi.

Nililia na kucheka mahali pale mpaka Kapela akaja kunitazama kama nimepagawa. Bwana Kamba akaja naye, ananipa mkono, anasema chozi lile la toba hajapata kuliona kwa mwigizaji yeyote. Nikamwambia ahsante.

Sinema ikaonyeshwa Mlandizi, uwanja uleule. Mzee Shomari alipotokea kwenye shuka, watu hawakuwa na haraka ya kupumua. Alipogeuka kutazama nyuma, wakasimama wazee watatu wanne, wale wa mizigo, wakabaki wamesimama mpaka akaendelea na safari. Baada ya hapo ni vigelegele tu. Wakata mkonge wakapiga kelele kwamba marehemu amefufuka, na asubuhi wakaja mlangoni kurudisha kanzu, wakadai kuku mwingine wa ufufuo. Akawapa, akicheka kwa sauti. Harusi yetu ilikuwa baada ya mavuno, na Kapela aliingia akitembea kama bwana harusi, kwa vidole vya mbele.

Niliigiza wabaya wengi baada ya hapo, miaka yote ya vita na baada yake, na popote nilipomhitaji mtu aliye hai nilikwenda kwanza kumwomba. Wawili walikataa, nikawaacha. Wengine walinichinjia kuku. Mzee Shomari aliigiza mara moja tu ile, akasema imetosha, lakini kila gari la sinema lilipopita alivaa kanzu akaenda kujitazama. Alifariki mwaka jana. Mimi ni mkwe, si mtani, sikuwa na haki ya kutembea kama yeye msibani. Watani walijaribu, wakaacha katikati, wakasema yule alikwisha kujitembeza mwenyewe.

Wiki yangu ya mwisho kazini niliomba utepe ule uonyeshwe mara moja tena. Umechakaa, una michirizi kama mvua. Zaituni alikuwa pembeni yangu, ana wajukuu wawili mapajani. Baba yake akatembea, akasimama, akatazama nyuma. Kisha akaweka jembe mikononi mwangu, midomo yake ikatikisika, na msemaji kijana akasoma kwenye kipaza sauti kama walivyosoma wenzake miaka yote: mzee anamwambia ndugu yake akachimbe choo. Zaituni akaisogeza midomo yake pamoja na ya baba yake, akayasema maneno yenyewe, polepole, mpaka mwisho. Akalitazama shuka, akanitazama mimi niliyenuna pale na chozi moja shavuni.

"Na kweli hukucheka," akasema.

"Mashine ilikuwa inazunguka," nikamwambia.